Mipangilio Uliyoikuta: Mazungumzo na Maprodyuza wa Kasansa

Leo tunazungumza habari za studio. Sina maana ya studio ya redio kama hii niliyokaa. Nina maana ya ile ya chumba kimoja: laptopu juu ya meza, maiki imefungwa kwenye mpini wa ufagio, godoro limeegemezwa ukutani, na nje kwenye benchi vijana wanasubiri zamu ya kuingiza vokali.

Maprodyuza wa vyumba hivyo, kuanzia Mpanda mjini hadi huku Kasansa na bonde zima la Mpimbwe, wana maswali yanayofanana. Nitumie programu ipi? Mbona sauti inachelewa kufika kwenye hedfoni? Mbona ngoma ya wazee haikai kwenye biti? Mbona wimbo ukiingia kwenye simu bezi inapotea? Nitayajibu moja baada ya jingine. Lakini kwanza nataka kusema jambo linaloyaunganisha yote.

Programu ya kutengenezea muziki haiji tupu. Siku ya kwanza unaifungua, imeshakuamulia mambo mengi: mwendo wa wimbo, hesabu ya mapigo manne, sauti kumi na mbili za kinanda, kiki ya kwanza kwenye orodha, hata ukubwa wa bafa. Ni sawa na kupanga nyumba ambayo mwenyewe ameshaweka vitanda na makabati. Unaweza kuishi humo hivyo hivyo kwa miaka, lakini siku ukitaka kuingiza kinu na mchi, lazima kitu kihame. Mipangilio uliyoikuta iliwekwa na mtu, kwa ajili ya muziki aliokuwa anaujua yeye. Nawe usipoigusa, muziki wako utafuata alivyotaka yeye.

Chukua FL Studio, ambayo mtaani wengi bado wanaiita Fruity. Ilizaliwa Ubelgiji mwishoni mwa mwaka 1997, kwenye kampuni ya Image-Line, ikiandikwa na Didier Dambrin. Wakati ule iliitwa FruityLoops na ilikuwa kimashine tu cha kupangia ngoma: mstari wa visanduku kumi na sita, vinne vinne, bonyeza hapa kiki, bonyeza pale sneya. Jina la FL Studio lilikuja mwaka 2003. Programu imekua, sasa inarekodi sauti na kufanya kila kazi ya studio, lakini visanduku kumi na sita bado vipo, vinne vinne, na ndiyo maana kijana akiambiwa atengeneze biti, mkono unaanza kuhesabu nne hata kama wimbo wa bibi yake haukuwa hivyo. Aliyechora visanduku hivyo hakukosea. Alichora kwa ajili ya muziki wa kielektroniki wa Ulaya wa siku zile. Kazi ya kuvisogeza ni yetu.

Sasa twende kwenye maswali.

Swali la kwanza: programu ipi ni nzuri? Jibu langu ni kwamba programu nzuri ni ile ambayo mashine yako inaimudu, na ambayo jirani yako wa karibu anaijua, ili ukikwama usiku uwe na wa kumuuliza. Kama kazi yako ni mabiti, FL Studio itakufaa. Kama kazi yako ni kurekodi kwaya, ngoma na magitaa, Reaper ni nyepesi mno. Iliandikwa na Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp tuliyokuwa tukisikilizia nyimbo kwenye kompyuta zamani. Faili lake la kusakinisha halifiki hata megabaiti hamsini, kwa hiyo bando lako linaweza kulishusha. Unaijaribu ikiwa kamili kwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kama unataka kurekodi na kukata sauti tu, Audacity ni ya bure kabisa tangu ilipotolewa mwaka 2000. LMMS nayo ni ya bure, na inafanana kidogo na FL.

Najua kijana mmoja hapo anacheka: "Mzee, sisi tunatumia krak." Sawa, nakusikia. Lakini faili la krak, yaani programu iliyovunjwa leseni, limepita mikono ya watu usiowajua, na mara nyingi linabeba virusi. Virusi vikila projekti za wateja wako, utawarudishia nini? FL Studio yenyewe inakupa toleo la majaribio bila malipo. Unatengeneza wimbo mzima na kuutoa kama WAV au MP3. Kinachokatazwa ni kuifungua tena projekti uliyoihifadhi, mpaka ununue. Anayeanza, hilo lisimtishe. Linamfundisha kumaliza biti kwa mkao mmoja. Na ukishanunua mara moja, matoleo mapya yote yanayofuata unayapata bila kuongeza senti.

Na usidhani programu mpya ndiyo itakayokupa jina. Bendi zetu za zamani, kama Tabora Jazz, zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye utepe, wapigaji wote pamoja chumbani. Mmoja akikosea, wanarudia wote. Hapakuwa na amri ya kurudi nyuma hatua moja. Walichokuwa nacho ni mazoezi na mpangilio wa nani akae karibu na maiki. Baadaye, miaka ya 1990 ikiishia, P-Funk Majani wa Bongo Records na Master Jay wa MJ Records waliisimamisha Bongo Fleva kwa kompyuta ambazo leo simu yako ya mfukoni inazishinda nguvu. Kwa hiyo mashine yako si kisingizio.

Swali la pili: naimba, lakini sauti yangu inachelewa kwenye hedfoni. Hapa kuna bafa. Kompyuta haipitishi sauti tone kwa tone. Inajaza ndoo kwanza, ndipo inamimina. Ukubwa wa ndoo hiyo unahesabiwa kwa sampo, yaani vipande vidogo mno vya sauti. Ukirekodi kwa sampo 44,100 kwa sekunde, na bafa ikiwa sampo 1,024, kila ndoo inachukua kama milisekunde 23. Hiyo ni sawa na kusimama mita nane hivi kutoka kwenye spika, na bado sauti inajaza ndoo wakati wa kuingia, kisha nyingine wakati wa kutoka. Mwimbaji anajisikia nyuma ya wimbo, anaanza kukimbiza maneno, halafu wewe unamlaumu kwamba hana mapigo.

Dawa ni hii. Wakati wa kurekodi, shusha bafa hadi 256 au 128. Kwa 256, ndoo moja ni chini ya milisekunde sita. Wakati wa kumiksi, ipandishe tena hadi 1,024 au 2,048, maana sasa hakuna anayeimba, na kompyuta inahitaji nafasi ya kubeba plagini. Pia usitumie draiva ya kawaida ya Windows. Chagua ya ASIO. Kama una saundi kadi ya nje, tumia draiva iliyokuja nayo. Kama huna, FL Studio ina ya kwake. Na ukisikia sauti inakwaruza kama redio iliyo nje ya masafa, bafa ni ndogo mno kwa mashine yako. Panda hatua moja.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda zaidi: nimerekodi ngoma ya wazee, lakini haikai kwenye gridi.

Ndugu yangu, nani alisema ikae? Fikiria bugobogobo, ngoma ya wakulima wa Kisukuma, watu wakiwa na majembe mikononi. Ngoma ile inaanza na mwendo wake, na kadiri watu wanavyopata moto, nayo inapanda. Ukiipima kwa kompyuta, dakika ya kwanza ina namba moja, dakika ya nne ina namba nyingine. Kompyuta itakuambia wapigaji wamepotea. Hawajapotea. Kupanda kule ndiko kunakowainua watu. Ukichukua amri ya kunyoosha mapigo, ukaivuta kila ngoma ikae kwenye mstari, umebaki na sauti ya ngoma isiyochezeka.

Fanya hivi. Kwanza, usiwape wazee klik, ule mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni. Warekodi wakipiga kwa mwendo wao, mara moja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Pili, geuza utaratibu: ngoma iwe klik. Iweke kwanza kwenye projekti, kisha mpiga kinanda na mpiga gitaa waifuate kwa masikio, kama walivyokuwa wakifanya kwenye bendi. Tatu, kama lazima uongeze mabiti ya kompyuta, tumia programu inayokuruhusu kubadili mwendo katikati ya wimbo. Reaper na Cubase zinaweza. Unaweka alama pale kila mzunguko unapoanza, na gridi inajikunja kuifuata ngoma. Ni kazi ya subira, lakini inalipa.

Kuna la hesabu pia. Ngoma nyingi za kwetu zinakwenda tatu tatu. Mguu unakanyaga mara mbili au nne, na mkono juu ya ngoma unagawa kila mkanyago mara tatu. Visanduku vinne vinne haviwezi kubeba hilo. Ingia kwenye mipangilio ya projekti, toa 4/4, weka 12/8 au 6/8. Mara moja utaona visanduku vinajipanga kwa namna ambayo mkono wa babu yako ungeitambua. Kazi yenyewe ni ya nusu dakika, na wapo wanaomaliza mwaka mzima wanahangaika kwa sababu hawakujua kwamba inaruhusiwa.

Wapo waliothubutu. Angalia singeli. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati pale Dar es Salaam walikuta programu zinawafungulia mwendo wa kutembea, wao wakausukuma hadi mapigo 200, wengine hadi 300 kwa dakika. Walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza, wakachanganya na moto wa mchiriku, ule uliokuwa ukipigwa kwa kinanda kidogo cha Casio na vipaza sauti vya mtaani. Studio ya Sisso pale Mburahati ilikuwa chumba cha kawaida cha uswahilini. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi zao uitwao Sounds of Sisso, na tangu hapo wapigaji wa singeli wamekuwa wakialikwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Programu walizotumia ni hizi hizi mlizo nazo. Walichofanya ni kugusa namba ambayo wengine waliiogopa.

Swali la nne linafanana na hilo: nimeweka Auto-Tune kwenye sauti ya mama anayeimba na zeze, imeharibika. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997. Aliyeitengeneza, Andy Hildebrand wa Marekani, alikuwa mtaalamu wa kusoma mitetemo ya ardhini kwa ajili ya kutafuta mafuta. Hesabu zile zile za kusoma mwangwi wa miamba alizigeuza zisome sauti ya mwimbaji na kuivuta kwenye noti iliyo karibu. Lakini noti ipi? Zile kumi na mbili za piano, zilizogawanywa sawasawa. Ukiikuta hivyo na kuiacha hivyo, kila sauti iliyo kati ya noti na noti inahesabiwa kuwa kosa.

Sasa sikiliza muziki wa Wagogo, ule alioutangaza duniani marehemu Hukwe Zawose kwa zeze na ilimba. Ngazi yake inafuata sauti zinazotoka zenyewe ndani ya uzi au chuma kinapotetemeka. Moja ya sauti hizo, ile ya saba, iko chini ya noti ya piano kwa senti kama 31, ambapo nusu-sauti nzima ni senti 100. Huo ni upungufu wa theluthi moja ya nusu-sauti. Sikio la mzee wa Kigogo linaipenda pale pale ilipo. Auto-Tune inaiona imeteleza na kuivuta juu, na zeze linabaki mahali pake. Sauti na chombo vinagombana, na wewe unadhani maiki ni mbovu.

Kwa hiyo, kwenye nyimbo za asili, zima Auto-Tune. Kama mwimbaji kweli ameteleza mahali pamoja, mrudishe kwenye maiki arekodi mstari ule tena. Na kama unataka kuongeza kinanda juu ya zeze au ilimba, usimwambie mzee alegeze nyuzi zake. Kinanda cha kompyuta ndicho kinachopaswa kusogea. Programu nyingi zina mahali pa kupandisha na kushusha sauti kwa senti. Anza na noti ya chini ya zeze, sogeza kinanda mpaka vikutane, kisha tumia noti zile tu zinazokubaliana. Zikiwa tatu, tumia tatu. Kwa Bongo Fleva au Injili ya kinanda, Auto-Tune itumie, lakini iambie ngazi ya wimbo. Usiiache na noti zote kumi na mbili, maana itakuwa inarukia noti ambazo wimbo hauna.

Swali la tano: rekodi yangu ina kelele na mwangwi, niondoe kwa plagini gani? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Hakuna plagini inayoondoa chumba. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipita Tanganyika na gari lenye mitambo, akarekodi Wasukuma, Wanyamwezi, Wagogo na wengine. Maiki ilikuwa mkononi, akiisogeza karibu na chombo alichotaka kisikike, na jenereta lake aliliweka mbali ili lisiingie kwenye rekodi. Rekodi zile hadi leo zinasikika vizuri. Hakuwa na kompyuta. Alijua asimame wapi.

Kwetu Kasansa adui wa kwanza ni bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikigonga bati, usirekodi, fanya kazi ya miksi. Adui wa pili ni mashine ya kukoboa mpunga. Msimu wa mavuno inanguruma mchana kutwa, basi rekodi usiku, kabla jogoo hawajaanza. Adui wa tatu ni ukuta mtupu. Ukipiga kofi chumbani ukasikia mlio unarudi, chumba bado. Tundika mablanketi na mazulia nyuma ya mwimbaji, maana maiki inaangalia huko. Wengi hutundika nyuma ya maiki tu. Kwenye kona panga magunia. Mwenye mpunga ndani tayari ana kifaa cha studio bila kujua: magunia yaliyojaa, yakipangwa kwenye kona, yanavunja mwangwi. Angalia tu panya, na usiweke karibu na nyaya za umeme.

Ukisikia mvumo wa chini usioisha, huo ni umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde unaingia kwenye waya. Jaribu kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri ya laptopu. Mara nyingi unakwisha pale pale. Kisha kwenye vokali kata kila kitu kilicho chini ya mizunguko 80, maana sauti ya mwimbaji haikai huko.

Na kiwango cha kuingiza sauti usikipeleke mwisho. Mwimbaji akifika kilele chake, mshale uwe kati ya desibeli −12 na −6. Ukirekodi kwa biti 24, nafasi ni kubwa, hakuna haja ya kubanana na sifuri. Sauti iliyokatwa kwa kupita sifuri hairudi, hata ulie.

Swali la sita ni fupi: umeme ulikatika, kazi imepotea. Kila baada ya mstari mmoja kurekodiwa, bonyeza Ctrl na S kabla hujamwambia mwimbaji "safi". Washa hifadhi ya kujiendesha, iwe kila dakika tano. Na ukihamisha projekti kwenda kwa mwenzako wa Mpanda, usipeleke faili la projekti peke yake. Sampo, yaani zile sauti ulizotumia, ziko kwenye folda nyingine, naye atafungua akute mistari bubu. FL Studio ina amri ya kufunga projekti na sampo zake zote kwenye kifurushi kimoja. Reaper nayo inakuruhusu kunakili sauti zote ndani ya folda ya projekti. Weka nakala kwenye fleshi, na fleshi hiyo isiwe ile ile unayoingizia watu nyimbo, kwa sababu ndiyo inayopita kwenye kila mashine ya mjini.

Swali la saba: wimbo wangu studio unatikisa, kwenye simu umekonda, redioni umezama. Haya ni mambo matatu.

La simu kwanza. Spika ya simu ndogo haitoi bezi ya chini. Kilicho chini ya mizunguko 200 au 300 kwa sekunde inakimeza. Kama kiki na bezi yako yote iko huko, msikilizaji wa simu hana habari nayo. Iongezee bezi ukali kidogo kwa plagini ya kukwaruza sauti, ili ipate milio ya juu ambayo spika ndogo inaweza kuibeba. Sikio litaijaza ile ya chini lenyewe. Kabla ya kutoa wimbo, usikilize kwenye simu, kwenye sabwufa ya dukani, na kwenye redio ya bodaboda. Ukisikika vizuri kwenye vitatu hivyo, umemaliza.

La pili, mono. Wasikilizaji wetu wengi wana redio ya spika moja. Ukipanua vokali kushoto na kulia kwa ujanja wa plagini, zikikutanishwa kwenye spika moja zinaweza kufutana na sauti ikapotea kabisa. Bonyeza kitufe cha mono wakati unamiksi. Kama vokali inazama, punguza huo upana.

La tatu, ukubwa wa sauti. Vijana mnadhani wimbo ukibanwa mpaka mwisho utasikika mkubwa redioni. Sisi huku, kati ya studio na mnara, tuna mtambo unaobana nyimbo zote zilingane. Wimbo uliokwisha kubanwa kwenu ukibanwa tena hapa unatoka umechoka, na ngoma zake hazina mgongo. YouTube na Spotify nao hushusha nyimbo zilizopita kiwango. Spotify hulenga −14 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS. Kwa hiyo, yule aliyeacha nafasi ya ngoma kupumua ndiye anayesikika mkubwa. Na ukituletea wimbo, tuletee WAV, au MP3 ya 320. WAV ya kawaida ni megabaiti kama kumi kwa dakika, MP3 ya 320 ni mbili na nusu hivi. Ile ya 128 inayozunguka kwenye memori kadi ni megabaiti moja tu kwa dakika, na kinachokatwa kwanza ni sauti za juu: manyanga, kayamba, njuga za miguuni. Yaani kinachokatwa kwanza ni sisi.

Swali la mwisho: nikirekodi ngoma ya kijiji, wimbo ni wa nani? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na ofisi ya COSOTA ndiyo inayosajili kazi. Sheria hiyo ina sehemu inayolinda hata sanaa za jadi. Kwa hiyo kuwa na maiki hakukufanyi mwenye ngoma. Kaa na kikundi kabla ya kurekodi, andikeni kwenye karatasi nani anapata nini, na majina yao yaingie kwenye wimbo. Ukikata kipande cha taarabu ya mtu, kina mwenyewe pia. Na sampo unazokuta ndani ya programu, soma masharti yake. Nyingi unaruhusiwa kuzitumia, lakini mtu wa Nairobi, Lagos na London anazo hizo hizo, na siku atakapozitoa kabla yako, wimbo wako utaonekana nakala.

Ndiyo maana nawapa kazi ya nyumbani, vijana wa Kasansa. Wiki hii msipakue sampo yoyote. Tafuteni wenye kinu, wenye ngoma, wenye njuga, wenye manyanga. Rekodini kila chombo kwa pigo moja moja, la nguvu na la polepole, karibu na kwa mbali, usiku palipo kimya. Kateni, zipeni majina yanayoeleweka: kinu, mchi, njuga ya kulia, njuga ya kushoto. Wekeni kwenye folda moja na muipe jina la kijiji chenu. Kisha fungueni programu, toeni kiki ya kwanza kwenye orodha, wekeni kinu mahali pake, na ihifadhini projekti hiyo kama ndiyo ya kuanzia. Kuanzia hapo, kila mkifungua, mnaanza na mipangilio mliyoiweka wenyewe.

Kazi zikikamilika, zileteni kwa WAV, mono imepimwa, na karatasi ya majina ya wapigaji. Tutazicheza hapa na kuzijadili moja moja, mbele ya wazee waliozipiga.